Kanuni ya Kinyongo

Mtu wa kwanza niliyemuua mezani alikuwa mlinzi wa lango, na nilimuua kwa shoka. Mpwa wangu aliniuliza nampiga wapi. Nikasema shingoni, upande wa kushoto, kwa kuwa ngao yake ilikuwa imeshuka. Akanisogezea dadu nyekundu yenye pande ishirini. Niliirusha, ikasimama kwenye kumi na tisa.

"Shoka limeingia mpaka kwenye mfupa," mpwa wangu akasema. "Kichwa kimelalia bega kama mlango uliong'oka bawaba. Damu imekurukia usoni. Unafanya nini?"

"Nalichomoa, naenda kwa mwenzake."

Jirani yetu, fundi wa pikipiki, alipiga meza kwa kiganja. "Oya, mzee noma! Siku ya kwanza tu, anaua kama anapalilia!"

Huo ulikuwa mchezo. Wanauita mchezo wa kuigiza, lakini hauna jukwaa wala mavazi. Una meza, karatasi, penseli na dadu. Mmoja wa wachezaji ni mwendeshaji. Yeye ndiye anayesimulia nchi yote, milima yake na mvua zake, na ndiye anayesema kwa niaba ya kila adui na kila mpita njia. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, anachokiogopa. Ukitaka mtu wako afanye jambo gumu unatamka, kisha dadu inaamua kama ameweza. Watu hao hufa. Katika miezi niliyocheza nilishuhudia maiti nyingi kuliko nilizozika maishani, na nyingi kati yake zilikuwa za shoka langu.

Tulicheza Jumapili mchana, baada ya misa, kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Bigwa. Mwendeshaji alikuwa mpwa wangu, mtoto pekee wa marehemu dada yangu, fundi wa maabara katika shule ya sekondari, mwenye miaka thelathini. Mchezo alijifunza alipokuwa chuoni Dar es Salaam. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyaturu wa Singida. Mtu wake mezani alikuwa mwanamke mwenye mkuki ambaye hakuwahi kumwacha majeruhi nyuma. Fundi wa pikipiki alikuwa na mchawi mvivu. Mimi nilikuwa na jitu la shoka, lisilojua kusoma, lisiloogopa kitu. Pale penye neno "anachokiogopa" niliandika kistari.

Mpwa wangu na mkewe walikuwa wamehamia kwangu mwanzoni mwa mwaka ule. Niliwajengea vyumba viwili nyuma, nikaweka sakafu na bomba la maji. Mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, na walikuwa hawajaamua kama wangemlelea pale au wangehamia Kihonda, karibu na shule anayofundisha. Nilitaka wabaki. Mke wangu aliniacha zamani, kwa sababu ya mikono yangu, akaenda na binti zetu. Kwa Waluguru mtoto wa dada yako ndiye wako. Hao wa kwako ni wa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo nilikuwa na mtu mmoja tu duniani, na sasa mtu huyo alikuwa anapata mtoto. Nilitaka mtoto huyo atambae kwenye sakafu yangu. Kila nililofanya mwaka ule, zuri na baya, nililifanya nikiwa na tamaa hiyo.

Hadithi tuliyokuwa tunacheza ilikuwa ya vita. Juu ya mlima mmoja palikuwa na pango, na kutoka pangoni walishuka wafu wakiwa na njaa. Walishukia vijiji usiku na mchana. Mpwa wangu alisimulia vizuri mno: mama aliyekutwa amekumbatia mlango bila mtu nyuma yake, mbuzi waliopasuliwa matumbo wakiwa wamefungwa kambani, kisima kilichojaa mikono. Fundi alikuwa akiacha kula karanga. Mimi nilikuwa naomba aendelee. Nilikata, nilipasua, niliponda. Nikirudi chumbani kulala, nililala vizuri.

Jumapili moja kijana wa kutuongoza njia alitupeleka mtegoni. Wapagazi wetu wawili waliliwa mbele ya macho yetu. Tulipotoka, jitu langu lilimkamata yule kijana.

"Sikujua, bwana," mpwa wangu akasema kwa sauti ya kijana. "Nakuapia sikujua kama wameshafika huku. Nimepiga magoti."

"Nageuza shoka," nikasema. "Nashika upande wa chuma, nampiga kwa mpini."

"Kichwani?"

"Hapana. Atainua mkono kujikinga. Naufuata mkono. Mtu akijikinga, kiwiko kinakuja mbele chenyewe. Ukikipiga hapo, sauti yake si kubwa, ni kama kuni mbichi. Halii papo hapo. Kwanza anautazama, kama vile si wake."

Nilinyoosha mkono kuchukua dadu nikaona hakuna anayenisogezea. Fundi alikuwa anatazama miguu yake. Mpwa wangu alikuwa ameuteremsha mkono wake wa kushoto chini ya meza. Mkono ule haunyooki. Tangu ana miaka kumi na saba umekaa umekunjika kama wa mtu anayebeba kikapu.

"Mjomba," mkewe akasema, akicheka nusu. "Haya umeyajulia wapi?"

"Kwenye sinema."

"Sinema gani hizo!"

"Huhitaji dadu," mpwa wangu akasema. "Umevunjika."

Naomba nisimulie sasa jinsi ulivyovunjika ule wa kweli, kwa sababu yanayofuata hayaeleweki bila hilo.

Dada yangu alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, nami nikamchukua kama mjomba anavyopaswa. Shamba la ukoo liko Matombo, migomba na mifenesi kwenye mteremko, na mimi nilikuwa nalishika kwa niaba yake, kwa sababu kwetu ardhi inapita kwa mama. Wakati wa likizo nilikuwa natoka mjini, nilikokuwa karani wa ghala kiwandani, tunapanda wote mlimani kulima. Nilimpiga tangu siku za mwanzo. Nilimpiga kwa mkanda, kwa ufagio, kwa waya wa redio. Baba yangu alinipiga mimi, lakini hilo silisemi kama sababu. Kaka yangu alipigwa vilevile, na hajawahi kumgusa mtoto.

Siku ile nilimwambia apande shamba la juu akapalilie. Alikuwa amelima tangu asubuhi. Akasema, "Leo siendi. Shamba ni la mama yangu, si lako." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilichukua mpini wa jembe. Kama angesema uongo huenda ningemtukana tu. Nilimpiga mgongoni, akageuka. Nikainua tena, akanyanyua mkono. Sauti ilikuwa kama kuni mbichi. Hakulia. Aliutazama.

Kwa siku mbili nilimkanda kwa maji ya moto, nikisema ni mshtuko wa msuli tu. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama shina la mgomba, ukabadilika rangi, nikampeleka zahanati ya misheni. Njiani, mvua ikinyesha, tukiteleza kwenye utelezi wa ile barabara, nilimwambia: "Umeanguka kutoka kwenye mfenesi." Mtawa aliyetupokea alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi. Akajibu: "Nilianguka kutoka kwenye mfenesi." Mtawa alifanya aliloweza, lakini mfupa ulikuwa umeshaanza kushikana vibaya kwa sababu ya siku zangu mbili.

Mwaka uliofuata ukoo ulifanya tambiko kule juu. Sisi ni Wakatoliki, na padri anajua, na wazee wanajua kwamba padri anajua. Kwetu huwezi kumwaga unga na pombe kama waliosimama pale wana vinyongo. Mkubwa wa ukoo anamzungukia kila mtu na kumwuliza una neno na nani, umemkosea nani. Unasema, unapuliza maji kinywani, yameisha. Nilipoulizwa nilisema sina neno. Mpwa wangu alikuwa amesimama mkono wa kushoto ukiwa kifuani. Alinitazama, kisha akasema na yeye hana. Sote wawili tuliwadanganya wafu wetu, yeye kwa ajili yangu, mimi kwa ajili yangu.

Hatukuwahi kulizungumza. Alisoma, akaoa, na mkewe aliolewa naye akijua habari ya mfenesi tu.

Sasa nirudi mezani. Baada ya vijiji vitatu kuliwa, mchawi wa fundi alipata kwenye kitabu cha kale tambiko la kufunga pango. Mchezo una kitabu chake cha kanuni, kikubwa, cha Kiingereza, na kitabu hicho kinasema mchawi mwenye maandishi anaweza kufanya tambiko kwa dakika kumi bila kupoteza nguvu hata kidogo.

"Dakika kumi, bosi," fundi akasema, akijipapasa tumbo. "Kaeni mnitazame nikiokoa dunia."

"Haiwezekani," mpwa wangu akasema. "Watu mia mbili wamechinjwa, halafu mtu mmoja anasoma ukurasa na mambo yameisha?"

"Kitabu kimesema! Usinibanie bwana."

"Kitabu hakijafika Matombo." Alifungua daftari la shule na kumpa mkewe, mwenye mwandiko mzuri. "Tutaandika kanuni zetu za nyumba hii. Mjomba, tambiko linakwendaje?"

Alikuwa anajua. Alikuwa amesimama kwenye tambiko mara nyingi kama mimi, tangu akiwa mtoto. Lakini nilifurahi kuulizwa, na mzee akifurahi kuulizwa huwa hamwangalii anayeuliza.

Nikaanza kutaja, mkewe akaandika. Tambiko halifanywi na mtu mmoja. Wasimame wote waliokula pamoja safarini, hata mpagazi. Lianze jua linapochomoza. Asiwepo wa kusema lolote asiloulizwa mpaka unga umwagwe. Kila mmoja aache kitu alichotoka nacho kwao, si alichookota njiani. Hapo fundi alilalamika kwamba mchawi wake alitoka kwao na kitu kimoja tu, suruali.

"Basi ataiacha," mke wa mpwa wangu akasema, akiandika.

Kisha nikasema habari ya vinyongo. Nilieleza vizuri, kama nilivyoeleza hapa.

"Na mwenye vinyongo kumi?" fundi akauliza.

"Anasema kumi."

"Basi mimi nitawachelewesha mpaka Idi."

Mke wa mpwa wangu hakucheka. Kwao Singida mambo haya yanakwenda kwa njia nyingine, na alikuwa anataka kuelewa. "Na anayeficha, mjomba, anapatwa na nini?"

Kwetu wazee husema tu kwamba tambiko halitapokelewa. Ningesema hivyo. Lakini mchezo ulikuwa umenikolea, nikataka kitu chenye damu.

"Yeye hapatwi na kitu," nikasema. "Anapatwa aliyesimama karibu naye, asiye na kosa. Dadu sita zirushwe, na namba zitakazotoka ndizo majeraha yake."

"Kwa nini asiye na kosa?"

"Ndivyo inavyokuwaga."

Kalamu ilisimama. Alimgeukia mumewe. Mpwa wangu alinitazama, akasema, "Andika kama alivyosema. Usibadili neno."

Tambiko lenyewe tulilifanya Jumapili mbili baadaye. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka karibu na mashamba ya kabichi, na watu waliokuwa wakirudi misa ya pili walipita barazani wakitusalimu. Tumbo la mke wa mpwa wangu lilikuwa limefika mahali pa kumfanya akae mbali na meza. Tulikuwa na chai na vitumbua. Mbele ya pango, katika hadithi, tulisimama duara: mwanamke wa mkuki upande wangu wa kulia, mchawi, wanavijiji wachache, na yule kijana wa njia, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Alikula nasi, na kwa kanuni yangu alistahili kuwepo. Ndani ya pango wafu walikuwa wanakwangua miamba. Tulikuwa na muda mdogo.

Mwanamke wa mkuki alianza. Alisema ana neno na mchawi, kwamba alimwacha peke yake darajani. Mchawi alikiri, akaongeza kwamba siku ile ya daraja ndiyo alikula mkate wa marehemu mpagazi. "Hilo hamkuliuliza lakini limekuwa likinisumbua," fundi akasema. Tukacheka.

Kisha mpwa wangu alisema kwa sauti ya kijana wa njia.

"Mimi nina neno na mtu wa shoka. Alinivunja mkono. Nilikosea njia, ni kweli, lakini nilikuwa nimeshapiga magoti. Nimelisema, nimelitoa, sina tena. Sasa namsubiri yeye."

Wote walinigeukia. Ilikuwa mchezo. Nilitakiwa kusema maneno manne: nilimvunja kijana huyu mkono. Nilifungua mdomo. Mke wa mpwa wangu alikuwa ananitazama kwa uso mwema kabisa, ameweka kikombe juu ya tumbo, na niliona kwamba nikiyatamka maneno hayo, kwa sauti yangu hii, mbele ya mkono ule, atajua. Na akijua, mtoto hatatambaa kwenye sakafu yangu.

"Sina neno na mtu," nikasema.

"Mtu wa shoka, wafu wamefika mlangoni. Una neno?"

"Sina."

"Mjomba," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nauliza mara ya mwisho."

"Nimesema sina! Endelea na mchezo."

Akakusanya dadu sita, akaniwekea mbele. "Rusha wewe. Kanuni ni yako."

Nilizirusha. Zilitoka namba kubwa. Mpwa wangu alisimulia bila kupandisha sauti. Alisema unga ulipomwagwa uligeuka mweusi. Alisema ardhi ilifunguka chini ya mwanamke wa mkuki, si chini yangu, na mikono ikamshika vifundo vya miguu. Mwanamke alichoma, alikata vidole, vikawa vinaota vingine. Walimvuta mpaka kiunoni na hapo wakaanza kumla, na alikuwa ananiita mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alisema mkuki ulikatika. Alisema mwisho uliobaki juu ni mkono mmoja, na kijana wa njia akaushika kwa mkono wake mzima, akauvuta, ukatoka mkono peke yake.

Fundi akasema taratibu, "Dah."

"Amekufa?" mke wa mpwa wangu akauliza.

"Amekufa."

Alikuwa amemtunza mtu wake yule miezi minane. Aliigeuza karatasi juu chini. Kisha akanigeukia, na hasira yake bado ilikuwa ya mchezo. "Mjomba, kwa nini hukusema? Ilikuwa kusema tu! Sote tulimwona yule kijana akivunjwa, unamficha nani?"

"Mwulize," mpwa wangu akasema.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Hata hapa, mjomba? Hata kwenye mchezo umeshindwa?"

Nina fimbo ya kutembelea, ya mpingo, nzito. Sikumbuki nikiichukua. Nakumbuka vikombe vikiruka na chai ikimwagika kwenye daftari. Nilimpiga begani, kisha nikainua tena, naye akanyanyua mkono wa kushoto, ule ule, uliokunjika, na nikaupiga. Nikaupiga tena. Ngozi ilichanika juu ya kiwiko, damu ikatiririka mpaka kwenye saa yake. Hakurudi nyuma wala hakunishika, na ana nguvu za kunibeba mzima mzima. Fundi alinikumbatia kutoka nyuma akipiga kelele, "Mzee! Mzee, utaua!" Nikamtupia kiwiko mdomoni, nikasikia meno. Nikajinasua. Nikainua fimbo kwa mara nyingine.

Mbele yangu alikuwa amesimama mke wa mpwa wangu. Aliinuka ili amkinge mumewe, nadhani, au ili apite. Fimbo ilikuwa juu na yeye alikuwa ndani ya urefu wake. Aliitazama fimbo, akaweka mikono yote miwili tumboni, akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Sikumpiga. Lakini sitajisifu kwa hilo, kwa sababu mpaka leo sijui ni nini kilichoushusha mkono wangu. Si moyo wangu. Moyo wangu nilikuwa naujua.

Fimbo ilianguka. Mtu fulani alisimama njiani akiuliza kuna nini, fundi akamjibu kwamba ni mchezo, akitema damu. Kisha akajikalia kwenye ngazi akajishika mdomo. "Nimepigwa bure jamani," akasema. "Mimi wala si wa ukoo huu."

Mke wa mpwa wangu alizungumza akiwa palepale ukutani.

"Mkono huu ulivunjikaje?"

Mpwa wangu alikuwa ameufunga kwa kitambaa cha meza. "Mjomba atakwambia."

Nikamwambia. Nilisema yote, nikiwa nimekaa sakafuni: mpini wa jembe, maneno aliyoniambia, siku mbili za maji ya moto, mfenesi. Nilisema habari ya tambiko tulilodanganya sote wawili. Nilisema mkanda na waya. Nilikuwa kama mtu anayetapika. Nilipodhani yameisha yalikuja mengine. Nilimwambia hata habari za mke wangu, ambazo hakuziuliza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mwalimu, anajua kumwacha mtu amalize. Halafu alimgeukia mumewe.

"Miaka sita uliniambia mfenesi."

"Ndicho nilichoambiwa niseme."

"Na mimi? Mimi, nani aliniambia uongo?"

Mpwa wangu alikaza fundo la kitambaa. Ninaandika hili ili ijulikane kwamba nilivunja na kitu chao pia, kati yao wawili, na kwa kitu hicho sikuweza kuwapeleka zahanati yoyote.

Walikaa wiki moja zaidi. Walinisalimu kila asubuhi. Mke wa mpwa wangu aliendelea kuniwekea chakula mezani, akaenda kula na mumewe vyumbani kwao. Jumamosi likaja kirikuu, gari dogo la mizigo, kuchukua godoro, kabati na beseni jipya la mtoto. Nilishika upande mmoja wa kabati.

"Acha, mjomba," mke wa mpwa wangu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyeshika kitu cha moto.

Mpwa wangu alibaki nyuma kidogo, mkono ukiwa na bandeji. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia nimekosa tangu Matombo, na kwamba sina cha kujitetea.

"Nimekusikia," akasema.

"Utarudi?"

"Mimi nitakuja kukuona, mjomba. Mimi." Akapanda mbele, karibu na dereva.

Amekuja, kweli. Anakuja peke yake, mara moja kwa mwezi, ananikatia kuni, ananiuliza habari za presha. Hatuzungumzi sana, lakini tukizungumza hatudanganyani. Mwezi uliopita alinionyesha jinsi mkono unavyouma mvua zikianza. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba unauma.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alipotimiza siku arobaini niliruhusiwa kwenda Kihonda. Nilinyoa ndevu, nikachukua mkungu wa ndizi na mafuta ya nazi. Fimbo niliiacha nyumbani, ingawa bila hiyo natembea vibaya, na safari kutoka kituoni ilinichukua muda mrefu.

Mke wa mpwa wangu alinipokea mkungu mlangoni. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia. Alinipa kiti, akanipa chai, akakaa mkabala nami na mtoto mapajani. Mumewe alikuwa kazini. Tuliongea habari za mvua na shule. Nilisubiri mpaka chai ikapoa.

"Naomba nimshike," nikasema.

Hakushtuka, alikuwa ameshalifikiria. Alitazama mikono yangu, ambayo nilikuwa nimeiweka magotini mahali pa kuonekana.

"Leo hapana, mjomba."

"Sawa," nikasema.

Alimgeuza mtoto kidogo ili nimwone uso. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Nilimtazama kwa muda niliopewa, nikamaliza chai yangu, nikaaga.